Biskuti za Duka la Barnaba

Jescah alitoka Mukumu asubuhi na mapema akiwa na nia moja tu, kuimaliza biskuti ya mkwe wake. Hakuipamba nia hiyo kwa maneno ya kanisani. Alivaa gauni lake la buluu la Pasaka, akafunga kitambaa kichwani mpaka mishipa ya paji la uso ikasimama, akashika njia ya mji kwa miguu. Waliomsalimu njiani aliwajibu kwa kichwa. Hakutaka kuuchosha ulimi kabla ya kazi.

Ilikuwa mwaka wa tatu tangu bendera ibadilishwe. Mjini Kakamega kila mtu alikuwa amepanda ngazi moja: tarishi alikuwa karani, karani alikuwa bwana mkubwa, na Barnaba, ambaye miaka yote alikuwa akikanda unga kwenye tanuri la mikate la Mhindi, sasa alikuwa na duka. Mhindi alipofungasha kwenda Uingereza alimwachia chumba, rafu, na tanuri la matofali lililokuwa uani. Barnaba akaandika jina lake juu ya mlango kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko mlango wenyewe. Hivyo ndivyo Jescah alivyopenda kusimulia, ingawa mlango huo hakuwahi kuuona kwa macho yake.

Hakuwahi kuuona kwa sababu mama mkwe hakanyagi kwa mkwe wake hivi hivi. Huitwa, hupikiwa, hufanyiwa mambo yake kwa utaratibu, ndipo aingie. Jescah alikuwa ameitwa mara mbili. Mara ya kwanza alisema anaumwa mgongo. Mara ya pili hakutafuta hata ugonjwa, alisema hapana. Kwa hiyo kwake na Barnaba mambo yalibaki pale yanapoanzia kwa wakwe wote: hawashikani mikono, hawali wakionana, na wakikutana njiani mmoja hujitupa kando na kuuelekeza uso majanini. Watu wengi huona taabu kuishi hivyo. Jescah aliona raha tupu. Ilikuwa desturi pekee iliyompa ruhusa ya kutomwangalia mtu asiyempenda, na watu wakamsifu kwa adabu.

Chuki yenyewe ilikuwa na sababu. Mideva, mtoto wake wa pekee, alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu alipotoroka na Barnaba. Jescah alikuwa mjane. Alikuwa amemsomesha msichana huyo kwa mikono iliyoungua kwenye majiko ya watu, halafu mwalimu mzima akaenda kuolewa na mtu mwenye unga kwenye nyusi. Tangu siku hiyo hakumtaja Barnaba kwa jina. Alimwita "yule wa unga." Mideva alipokuja Mukumu, na alikuja mara moja kwa mwaka, siku ya Krismasi, alikaa kwenye kiti cha wageni, wakazungumza habari za mvua. Habari za nyumba ile Jescah hakuuliza hata moja. Ukimuuliza mtu habari za nyumba yake umeikubali hiyo nyumba.

Sasa mwaka huu duka lilikuwa linayumba. Barnaba alikuwa ametoa biskuti zake mwenyewe, biskuti za chumvi, nyembamba, za mraba, zilizofungwa kwenye karatasi ya kaki na kupigwa muhuri wa mpira: BISKUTI ZA DUKA LA BARNABA. Lakini watu walikuwa wamezoea zile za Nairobi. Kulikuwa na Nyota, na kulikuwa na Malkia, yenye kopo lenye taji, ambalo baada ya uhuru wenye kiwanda walilifuta taji wakachora ngoma, na watu wakaendelea kuiita Malkia kana kwamba hakuna lililotokea. Harusi bila Malkia haikuitwa harusi. Ya Barnaba walinunua wale waliokosa senti za Malkia, na waliificha kwenye kikapu chini ya majani ya sukuma wiki.

Ndipo umoja wa akina mama wa mjini ukatangaza kwamba utachagua biskuti moja ya chumvi, itakayouzwa kwenye vibanda vyake vyote vya chai na kwenye kantini ya shule mpya ya harambee. Barnaba aliweka matumaini yake yote hapo. Aliwaambia watu waziwazi: ikichaguliwa, tanuri litawaka kila siku, ikikataliwa, anafunga duka na kwenda Lugari, ambako kaka yake alikuwa amepata shamba kwenye ardhi iliyokuwa ya Wazungu.

Jescah aliposikia hayo moyo ulimruka kwa furaha. Mideva wake, Lugari? Mideva na jembe, kwenye mahindi yasiyo na mwisho, nyuma ya yule wa unga? Asingemaliza mwezi. Duka likifungwa, ndoa itafungwa nalo, na mtoto atarudi Mukumu kwenye chumba chake. Chumba hicho Jescah alikifagia kila Jumamosi kwa miaka minne, kitanda kikiwa kimetandikwa, na hakuna mtu aliyekuwa akilala humo.

Kilichobaki kilikuwa kupata njia ya kuhukumu, na njia ilimjia yenyewe. Jescah alikuwa amepika kwa masista wa misheni kwa miaka ishirini, na ulimi wake ulijulikana mpaka Shianda. Ilisemwa kwamba aliwahi kurudisha gunia zima la unga kwa kuwa lililala usiku mmoja karibu na debe la mafuta ya taa, na mwenye duka aliapa kwamba hakuna harufu, kisha akakiri. Umoja ulipotafuta mwonjaji, jina lake lilikuwa la kwanza na la mwisho.

Beldina, mwenyekiti wa umoja, mke wa karani wa ofisi ya D.C., alikwenda mwenyewe Mukumu kumuuliza. Alikuwa mwanamke mwangalifu, anayeweka mkoba magotini hata kwake mwenyewe.

"Lakini mama, huyu Barnaba si mkwe wako? Watu watasema umempendelea."

Jescah alicheka mpaka akakohoa. "Wewe waulize hao watu kama wamewahi kunisikia nikimpendelea."

Wote walijua.

*

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umefagiliwa na madirisha kufunguliwa. Akina mama kama thelathini walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja na kikombe chake kutoka nyumbani. Mezani mbele kulikuwa na sahani tatu zilizofunikwa kwa vitambaa, birika kubwa la chai ya maziwa, na kiti kimoja. Kila muuzaji alitakiwa awepo au alete mtu ashuhudie. Maina, wakala aliyezungusha Nyota na Malkia kwa gari dogo kutoka Kisumu mpaka Navakholo, alikaa benchi la mbele na tai yake, akitabasamu kama bwana harusi.

Barnaba hakuweza kukaa ndani. Mama mkwe wake alikuwa anakwenda kula humo. Kwa hiyo alibaki nje chini ya dirisha pamoja na baiskeli yake, na Jescah aliona ncha ya kofia yake tu ikipita mara moja na kuzama. Badala yake aliingia Mideva. Alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, kikapu kitupu mapajani. Alikuwa amekonda. Jescah aliliona hilo, akaliandika moyoni kama deni jingine la yule wa unga.

"Shikamoo mama," Mideva alisema kutoka kule alikokaa.

"Marahaba," Jescah alijibu, akageukia sahani.

Namna yake ya kuonja wengi walikuwa hawajaiona. Kwanza aliivunja biskuti karibu na sikio, akasikiliza. Kisha aliweka kipande ulimini akafunga macho bila kutafuna. Mwisho alichovya kipande kingine kwenye chai akahesabu kwa sauti mpaka kikaanguka kikombeni, kwa sababu hapa kwetu biskuti hailiwi kavu, na isiyojua kuogelea haina kazi mezani.

Sahani ya kwanza ilikuwa Nyota. Aliijua kabla kitambaa hakijaondoka vizuri. "Chumvi nyingi," alisema. "Huyu anaficha mafuta ya zamani. Imeogelea mpaka saba. Alama tano." Tabasamu la Maina lilipungua kidogo. Sahani ya pili ilikuwa Malkia. Ilivunjika kwa mlio mwembamba, ikaogelea mpaka kumi na mbili. "Hii imepikwa na mashine, haina roho. Lakini mashine haisahau. Alama saba." Akina mama walinong'ona. Saba ya Jescah ilikuwa kama tisa ya mtu mwingine.

Alipofika sahani ya tatu alijiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa amejiandaa kusema uongo kama ikibidi, na alikuwa amemwambia Mungu hivyo njiani, ili asije akashangaa. Aliinua biskuti akaitazama. Ilikuwa imetobolewa kwa uma, mistari mitatu ya matundu matatu, ule wa katikati ukiwa umeinama kidogo. Damu ilimpanda. Hayo yalikuwa matundu yake. Hivyo ndivyo alivyotoboa yeye kwa miaka ishirini, na hakuna mtu mwingine aliyetoboa hivyo. Akaweka kipande ulimini, akakuta punje ya sukari iliyofichwa ndani ya chumvi. Hiyo nayo ilikuwa yake.

"Kumbe mwizi pia," alijiambia. Aliona wazi jinsi ilivyokuwa: yule wa unga alikuwa amemkalia mke wake kooni mpaka akamtoa siri zote za jikoni kwa mama yake. Hakutosheka kumchukua mtoto, akachukua na mkono wa mama. Jescah alivunja kipande kingine sikioni kwa hasira, kikapasuka kwa mlio mzito, kama kigae kilichokanyagwa. Akachovya. Moja, mbili, tatu, nne, chubwi.

Hapo alifurahi kwa kweli. Hakuhitaji kusema uongo hata mmoja. Biskuti ilikuwa na kasoro, na yeye ndiye mtu pekee wilayani aliyejua ni kasoro gani.

Alisimama. Hakuna aliyemwomba asimame.

"Akina mama, nisikilizeni. Hii sahani ya tatu ni ya mtu anayeiga. Amechukua matundu ya watu, amechukua sukari ya watu, lakini amesahau kuchukua akili ya watu. Sikieni." Akaivunja tena. "Mmesikia? Biskuti hii haina matabaka. Imeshikana, ni kitu kimoja kama sabuni. Kwa nini? Kwa sababu aliyeioka ni mvivu. Amekanda asubuhi, amechoma asubuhi hiyo hiyo. Donge halikulala!"

"Halikulala vipi, mama?" aliuliza mwanamke mmoja nyuma.

"Donge la biskuti ya chumvi halichomwi siku linapokandwa. Unalikanda jioni, unaliweka mahali pa baridi, unalifunika kwa kitambaa kilicholowa maji, linalala usiku mzima. Asubuhi unalikunja mara tatu ndipo unalisukuma. Hapo ndipo linafunguka. Mtu yeyote aliyefundishwa na mwalimu mwenye akili timamu anajua hivyo. Huyu hapa amefundishwa na mjinga, au amefundishwa na mtu mwenye roho mbaya. Chagueni wenyewe." Aliisukuma sahani kwa kidole kimoja. "Alama mbili. Moja ya unga na moja ya moto."

Akina mama walicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha watu waliopata walichokuja kutafuta. Maina alipiga goti lake kwa furaha. Jescah alitupa jicho dirishani akitumaini kofia ile imesikia kila neno, kisha akamtazama binti yake aone kama machozi yanakuja. Machozi hayakuwa yakija. Mideva alikuwa amesimama, kikapu mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu ndefu.

"Mama," alisema. "Nani alikuambia Barnaba ndiye anaokanga?"

"Si yeye mtu wa unga?"

"Barnaba anauzanga. Mimi ndiye ninaokanga. Huu mwaka wa tatu."

Kicheko kilikatika. Jescah alifungua kinywa lakini Mideva hakumpa nafasi.

"Mimi ndiye huyo mvivu. Na mimi ndiye huyo aliyefundishwa na mjinga, au na mwenye roho mbaya. Akina mama, mniwie radhi, ninauliza kitu kimoja tu. Nilikuwa na miaka kumi na tano, likizo ya Agosti, jikoni kwa masista. Mama aliniweka mbele ya meza akaniambia: kanda, sukuma, toboa, choma. Saa hiyo hiyo. Nikarudia mbele yake mara nne. Akasema sawa, umejua. Mama, hilo donge la kulala ulilifichanga wapi?"

Jescah alijua mahali penyewe. Nyuma ya magunia, kwenye saruji baridi, ndani ya bakuli la bati lenye kitambaa kilicholowa. Alikanda jioni, Mideva alipokwenda kuteka maji. Asubuhi alikanda jingine mbele ya msichana, kwa maneno mengi, akamwonyesha kila kitu. Halafu mtoto alipotoka nje alichoma lile la nyuma ya magunia na kulitia lile lingine kwenye uji wa nguruwe. Alifanya hivyo likizo nzima. Alifanya hivyo kwa sababu siku moja sista mnene wa jikoni alishika vidole vya Mideva, akavigeuza, akasema msichana huyu ana mkono mwepesi kuliko mama yake. Alisema hivyo tu na kwenda zake kusali. Lakini Jescah alikuwa mjane, na alikuwa na kazi moja, na usiku ule alilala macho wazi akimwogopa mtoto wake mwenyewe. Baadaye hofu iliisha. Alikusudia kumwambia. Krismasi moja ikapita, ikaja nyingine, Mideva akaenda chuo, akatoroka, na baada ya hapo Jescah aliona hakuna haja ya kumpa kitu mtu aliyekwenda kwa yule wa unga.

"Nimetupa trei ngapi, mama?" Mideva aliendelea. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilikuwa naona mkono wangu una kasoro. Barnaba akasema hapana, si mkono wako, ni tanuri. Akalibomoa. Akalijenga upya, matofali kwa matofali. Biskuti ikatoka vilevile. Akalibomoa tena. Watu wakamcheka kwamba anaoka matofali. Hajawahi kusema ni mimi."

Mwanamke mmoja alikuwa akimnong'oneza jirani yake, "Jioni, kitambaa cha maji, asubuhi mikunjo mitatu," na jirani akiandika kwa penseli nyuma ya kitabu cha nyimbo. Jescah aliwaona. Kitu alichomficha mtoto wa damu yake mwenyewe miaka hii yote kilikuwa kinakwenda nyumba thelathini jioni hiyo, naye ndiye aliyekigawa, kwa kutukana.

Beldina alikohoa. Mkoba wake ulikuwa umebanwa magotini kana kwamba kuna mtu wa kuunyakua. "Mambo ya nyumbani tuyaache nyumbani. Mimi nimeandika tano, saba, mbili. Kwa hiyo Malkia..."

"Ngoja," alisema Jescah.

"Mama?"

"Futa hiyo mbili." Sauti yake ilitoka nyembamba, hakuitambua. "Mpe wiki moja. Alaze donge, alete tena. Mkono wake ni mzuri. Unga ni mzuri, chumvi iko sawa. Ni kulala tu. Wiki moja, Beldina."

Maina alisimama na kunyoosha tai. "Mwenyekiti, kwa heshima zote. Tuliambiwa mwonjaji hampendelei mtu. Sasa tumeambiwa mwokaji ni binti yake, na saa hiyo hiyo mbili inataka kuwa kitu kingine. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

Wengi waliitikia kwa vichwa. Yule mwanamke wa nyuma alisema waziwazi kwamba alama ni alama. Jescah aliwatazama mmoja mmoja, watu waliokuja kwa ajili ya ulimi wake, akaona kwamba kila neno alilosema wamelisadiki na hakuna hata moja watakalomrudishia. Ile biskuti alikuwa ameiua vizuri mno.

"Sitaki wiki," alisema Mideva. "Alama zimetolewa. Mama ameonja, amesema, na alichosema ni kweli." Akasogea mezani, akakusanya biskuti zilizobaki kwenye sahani ya tatu, akazitia kikapuni moja moja bila haraka, na vipande vyote, akatoka.

*

Jescah alimfuata. Hakuaga, hakuchukua mwavuli wake, na kitambaa kilikuwa kimemlegea kichwani. Alizunguka kona ya ukumbi mbio mbio kama msichana, akajikuta uso kwa uso na Barnaba.

Hawakuwahi kukaribiana hivyo. Chembe za biskuti zilikuwa bado mdomoni mwa Jescah, unga wa mkwe wake mwenyewe, mchana kweupe, aibu ambayo hata adui hamtakii mwenzake. Barnaba alifanya upesi kile ambacho mtu mwenye adabu hufanya. Alivua kofia, akageuka, akauelekeza uso wake ukutani, karibu kabisa, mpaka paji lake likagusa chokaa. Alisimama hivyo, mkono mmoja umeshika baiskeli. Alikuwa amesikia kila kitu. Mgongo wake ulikuwa mwembamba, na kwenye kola kulikuwa na unga.

Mideva alikuwa anafunga kikapu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mpira.

"Mideva. Njoo nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Mukumu. Chumba chako kipo. Kila Jumamosi mimi..." Jescah alishindwa kumaliza. "Nitakufundisha yote. Ya keki, ya mkate wa maziwa, yote niliyo nayo. Leo hii."

"Jumatatu tunapakia vitu," alisema Mideva. "Tunaenda Lugari."

"Utalima? Wewe?"

"Nitalima." Alikaza fundo la mwisho, kisha akamtazama mama yake kwa mara ya kwanza tangu ukumbini. "Kulima hukunifundisha wewe. Nikikosea, nitajua kosa ni langu."

Jescah aliwahi kupigwa maishani mwake, na mume, na baba kabla ya mume, na hakuna kofi lililowahi kumfikia mahali hapo. Alitafuta neno la kulipiza. Siku nyingine zote alikuwa nalo, lilikuwa linakaa mdomoni likisubiri. Halikuwepo.

"Msalimie mama," Barnaba aliuambia ukuta. Ndivyo inavyotakiwa: mkwe humtuma mke wake, na mke hufikisha. Mideva alisikia, na hakufikisha.

Watatu walibaki hapo. Ndani ya ukumbi vikombe vilikuwa vinagongana, Malkia ilikuwa inagawiwa. Jescah alingoja, na katika kungoja aligundua kitu kilichompa tumaini baya. Barnaba hawezi kugeuka wakati yeye amesimama pale. Hawezi kupanda baiskeli, hawezi kumpita, hawezi hata kuinua kichwa. Ilimradi mama mkwe hajaondoka, mkwe amefungwa ukutani. Na ilimradi mkwe amefungwa, Mideva naye yuko hapa, hatua tatu, karibu kuliko alivyokuwa kwa miaka minne. Jescah aliikita miguu yake chini. Angeweza kusimama mpaka jua lizame. Alijua kusimama, alikuwa mpishi.

Jasho lilianza kumtoka Barnaba shingoni. Jua lilikuwa limefika upande ule wa ukumbi na chokaa ilikuwa inarudisha joto usoni pake. Hakusogea. Nzi alitua sikioni mwake akatembea mpaka shavuni, na hakumfukuza, kwa kuwa mkono mmoja ulishika baiskeli na mwingine ulishika kofia kifuani.

"Mama," Mideva alisema. Safari hii alipaza sauti. "Unaona anavyokuheshimu? Hata leo. Hata baada ya yale. Mpishe aende."

Jescah aliutazama mgongo ule muda mrefu. Alitamani kusema jina lake, lakini hakuwahi kulisema, na hakujua aanzie wapi. Aliinua mkono akajifuta midomo. Kisha akageuka, akashika njia ya Mukumu peke yake, na alipofika barabarani alisikia nyuma yake mnyororo wa baiskeli ukianza kuzunguka kuelekea upande mwingine.